Fundi sare afumua nembo ya bintiye, moyo umetulia

Saa moja asubuhi, mlango wa kibanda ukiwa nusu wazi, fundi sare ameinamia sweta dogo la kijivu. Kwa ncha ya wembe anakata uzi mmoja mmoja hadi nembo ya shule inaachia. Anaitupa kwenye mkebe wa biskuti, kisha anacheka peke yake.

Kazi hii huwa haimchekeshi. Kwa miaka kumi na miwili amewashonea wanafunzi wa shule binafsi za mtaani kwake, na kila muhula wapo wazazi wanaomletea sare awafumulie nembo, kwa kuwa ada imewashinda na mtoto anahamishwa. Wengi hawamtazami usoni. Mwaka huu amefumua nembo ishirini na tatu, kumi na tisa kati ya hizo za shule moja tu, ile yenye bwawa la kuogelea.

Na huko huko ndiko alikompeleka kitindamimba wake kufanya usaili wa darasa la kwanza.

Binti alifaulu, na mama akamshonea sare siku hiyo hiyo. Ndipo ikaja orodha ya malipo. Ada ya muhula peke yake ilikuwa sawa na ujira wa sare tisini, bado basi, kompyuta na matunzo ya hilo bwawa. Yeye hushona sare nne kwa siku, tena wateja wakiwapo.

“Nembo zile nimezifumua kwa mkono wangu huu, halafu nikamshonea mwanangu ile ile,” anasema. “Tamaa tu, hakuna kingine.”

Mumewe, fundi wa kupaka rangi, hakumlaumu. Alimuuliza tu ni wazazi wa shule gani humletea sketi zishushwe upindo. Hilo halikuhitaji kufikiri: ni ile ya mabati mekundu, jirani na soko. Watoto wa pale hukulia ndani ya sketi zilezile kwa sababu hawaondoki. Ada yake ni kama sare thelathini na tano, na hulipwa kidogo kidogo.

Alipofika, nafasi zilikuwa zimejaa. Shule ya umma nayo ilishafunga uandikishaji. Karani wa mabati mekundu akamwandika wa pili kwenye orodha ya akiba, na kwa wiki tatu fundi alikuwa akila bila kusikia ladha, akiona mtoto atakaa nyumbani mwaka mzima.

Jana mchana karani akapiga simu: mtoto aletwe Jumatatu.

“Nililia juu ya vitambaa vya watu,” anasema. “Mteja akadhani nimefiwa.”

Bahati nzuri shule zote mbili huvaa kijivu. Nembo mpya ikishakaa, anamwita binti aijaribu na sketi, ambayo ameikunja upindo wa vidole sita badala ya viwili.

“Mama, mbona nzito?”

“Lazima iwe nzito,” anajibu, akikata uzi kwa meno. “Darasa la pili, la tatu na la nne yote yamo humo ndani.”