Halua Niliyoifuata Tudor

Mjukuu wangu asomea sheria chuo kikuu hapa hapa Mombasa. Chuo kilipofuta uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, alipanda juu ya kiti kantini akawaambia wenzake jambo hilo halikubaliki. Hilo tu. Hata kikombe hakuvunja. Wakamsimamisha masomo kwa kuhutubia bila ruhusa, wakamwita mbele ya kamati Jumatatu. Akitiwa hatiani, hagombei tena uongozi.

Baba yake ni mwanangu wa kwanza, na ni muoga tangu mdogo. Kuku akimfukuza alikuwa akija kujificha ndani ya buibui langu. Basi akafanya tufanyavyo sisi. Alinunua halua, akaipanga kwenye sinia yangu ya shaba, akaipeleka Tudor nyumbani kwa mkubwa wa chuo anayesimamia wanafunzi, kuomba radhi. Kwetu, ukipeleka halua ya radhi umeshakiri kosa, na hakuna tena maneno.

Mtoto alipopata habari alilia kwa hasira. "Bibi, Katiba yaniruhusu kukutana na kusema! Baba amekiri nini kwa niaba yangu?"

Mimi nilisoma mpaka la tatu, nikatolewa nishone kofia, na kofia zangu, niseme kweli, hazikuwa na wanunuzi. Lakini radhi naijua. Nikavaa buibui, nikaita tuktuk.

Mkubwa yule ni mtu wa bara, ana adabu zake, bibi humwita shosho. "Karibu shosho, keti."

"Siketi, baba. Nimefuata sinia yangu, na halua yake."

Akacheka. "Halua tumeshaanza kula. Na msamaha tumeshaombwa."

"Mliyokula, kwa afya yenu. Iliyobaki naondoka nayo. Mwanangu aliomba radhi ya woga wake. Mtoto hana kosa."

"Shosho, unamharibia. Kamati ikikasirika je?"

"Na ikasirike! Mwamwitia nini, kama jibu mnalo tayari?"

Mkewe, kwenye mlango wa jikoni, alikohoa kuficha kicheko. Akaifunika halua vizuri, akanipa. Nikashuka ngazi zile za ghorofa nikitweta kama mbuzi, goti langu la kushoto likinilaani.

Kamati ilimfungia muhula mzima. Watu wa mtaa wasema ni mimi niliyemponza, na wengine waniambia usoni. Mjukuu mwenyewe amekata rufaa, na huniambia radhi ile ingebaki, asingekuwa na la kuikatia. Wenzake wamekatazwa kukutana chuoni, kwa hivyo alasiri huja barazani kwangu, kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, watoto wa bara na wa pwani, wakabishana vifungu vya sheria mpaka koo ziwakauke. Mwanangu hukaa ndani na dirisha amelifunga.

Juzi alipita askari, akauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya mkutano.

"Baraza hii nilijengewa na marehemu mume wangu," nikamwambia. "Ruhusa nimewapa mimi. Wewe ya kuwauliza umepewa na nani?"