Nyuzi Mpya Siku ya Kumsindikiza Ambani

Kuna watu hapa Ziwani ambao mpaka leo wakinipita njiani wananishika bega na kusema pole sana mzee, na mimi naitikia asante huku nikiangalia viatu vyangu, kwa sababu ile pole wanayonipa si yangu, niliipata kwa njia ya aibu, na leo nitasema yote, mkitaka kucheka chekeni, hata mimi kuna mahali huwa nacheka kidogo kabla sijafika mwisho.

Mimi ujanani nilikuwa mpiga gitaa. Tulikuwa wawili, mimi na Ambani, vibarua wa kiwanda kimoja huko Industrial Area, mimi nashika gitaa na yeye anagonga chupa ya soda kwa msumari (msidharau chupa, kwetu magharibi ndiyo inayoshika mwendo, gitaa linafuata tu), na tukapiga kwenye arusi, tukapiga kwenye ubatizo, tukapiga hata mahali ambapo hakuna aliyetuita. Kisha watoto wakaja, zamu za usiku zikaja, gitaa likavunjika shingo na sikuona haraka ya kulitengeneza. Miaka ikaenda. Nilipostaafu binti yangu akaniletea gitaa lingine, akasema baba utazeeka vibaya ukikaa tu kwenye kiti, basi nikaanza tena kama mtoto, ncha za vidole zikiniuma hata nikashindwa kumega ugali moto.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye kile kikundi chetu cha wapiga gitaa. Tunakutana Jumapili baada ya kanisa, pale soko la Burma, kwenye kibanda cha nyama choma ambacho mwenyewe anatuvumilia, na tunafundishana: namna ya kufunga penseli kwa mpira kwenye shingo ya gitaa ukitaka sauti ipande, namna ya kupangusa nyuzi ili jasho lisizile. Na mimi kwa kuwa nina mvi na mdomo, nikajipa ualimu. Niliwahi hata kujirekodi kwenye simu nikawatumia wote, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, nyuzi mpya ni kama kibarua mpya, usimkabidhi mashine siku ya kwanza, zivishe siku kadhaa mapema, zivute kwa mkono, kaza, vuta tena, ziache zilale, maana nyuzi mpya hulegea na zitakuaibisha mbele za watu. Kamau, kijana anayepiga gitaa kanisani kwao, bado anayo hiyo sauti yangu kwenye simu yake.

Basi Ambani akaugua, na haikuchukua muda, tukampoteza. Mimi sijui kueleza. Mtu ambaye umegongana naye viwiko tangu ujana, halafu unaambiwa leo tunakutana kwake jioni kupanga mazishi. Kwenye mkutano huo wa matanga mke wake, Mama Rispa, aliniita pembeni.

"Mulamwa," akaniambia (ndivyo tunavyoita shemeji), "vijana wameleta spika. Mimi sitaki Baba Rispa atoke hapa na spika. Alipokuwa amelala pale alisema, nikienda, mwambieni huyo mwenzangu anipigie ile ya baiskeli."

Ile ya baiskeli ni wimbo wetu wenyewe, tuliutunga kuhusu baiskeli yake iliyokuwa haina breki, akawa anasimama kwa kugonga ua wa jirani. Nikamwambia Mama Rispa, hilo ni langu, usiwe na wasiwasi. Mwili ungepitia nyumbani asubuhi, majirani wauage kidogo, kisha basi liondoke kwenda magharibi kuzika. Kwa hivyo nafasi ilikuwa hiyo moja.

Asubuhi yenyewe nikalitoa gitaa kwenye begi, nikaona nyuzi zimeshika kutu, zimekuwa rangi ya chai ya rangi. Zilikuwa zinalia vizuri tu, jana yake nilikuwa nimepiga wimbo wote bila shida. Lakini nikafikiria kikundi kizima kitakuwepo, wamekaa mstari mmoja wakimwangalia mwalimu wao, na kwenye droo nilikuwa na pakiti mpya, zinang'aa. Nikasema aah, ni nyuzi tu. Nikazivua zote sita nikavisha mpya, nikazivutavuta kidogo nikiwa nimesimama, mke wangu akiniita kutoka nje kwamba gari la maiti limeshafika.

Kamau ndiye wa kwanza kuona.

"Mzae, hizo strings ni mpya?"

"Nimezivuta."

"Umeziweka lini?"

"Kamau, tuko matangani. Kaa chini."

Akakaa. Jeneza likawekwa chini ya hema mbele ya mlango, Mama Rispa akasimama kando yake akaweka mkono juu, na msema-maneno akatangaza kwamba sasa rafiki wa marehemu atamuaga kwa wimbo. Nikaanza. Na kwa kweli ubeti wa kwanza ulienda vizuri, niliona wazee wakitabasamu walipokumbuka ile baiskeli, na Mama Rispa akaanza kutikisa kichwa polepole, na nikasema moyoni, Ambani, unasikia.

Ubeti wa pili uzi wa tatu ukaanza kushuka. Kwanza kidogo, nikaimba kwa nguvu kuufunika, ukashuka zaidi, na wa nne ukaona mwenzake ameshuka na wenyewe ukamfuata. Nikasimamisha wimbo, nikasema samahani, nikakaza. Msema-maneno akanisaidia, akasema mtaalamu anaweka mitambo sawa. Nikaanza upya kutoka mwanzo. Sikufika hata kwenye ua wa jirani, nyuzi zikalegea tena, safari hii mpaka mtoto mmoja akaziba masikio, nikasimama tena, na wale wenzangu wa kikundi walikuwa wote wanaangalia chini, hakuna anayetaka tukutane macho.

Sasa dereva wa basi akawasha injini. Sikumlaumu, safari ilikuwa ndefu. Lakini kelele ile ikawa kwamba sisikii gitaa langu mwenyewe, nikainama nikaweka sikio, nikawa naugonga uzi wa pili na kukaza, nagonga na kukaza, sauti haipandi, nikasema leo ni leo, nikazidi kukaza kwa hasira. (Wapiga gitaa mmeshajua. Nilikuwa nagonga uzi wa pili na mkono umeshika kisikio cha kukazia uzi wa kwanza.) Ule uzi mwembamba ukakatika, pa, ukanichapa chini ya jicho nikiwa nimeinama hivyo hivyo.

Ilikuwa kama kuchapwa na nyuki watatu. Nikaacha gitaa likaanguka, nikashika uso kwa mikono yote miwili, machozi yakamwagika yenyewe, mengi, yakipita kati ya vidole. Na shangazi yake Ambani aliyekuwa amekaa mbele, kuona mzee mzima ametupa gitaa na kuinama analia, akapiga ukemi, na wanawake wote wakamfuata, hema lote likalipuka kwa kilio.

"Mwacheni alie," msema-maneno akasema kwa spika. "Mwanamume akilia hivi jueni amepoteza."

Nilitaka kusema ni uzi. Nawaapia, nilifungua mdomo. Lakini vijana wawili walikuwa wameshanishika makwapa wananipeleka kwenye kiti, mtu ananipa maji, mwingine ananipepea kwa gazeti, pole mzee, pole sana, na mimi nikanyamaza nikaendelea kushika jicho. Nikiwa nimekaa hapo nikasikia wamewasha muziki wa spika, na wanaume wakainua jeneza. Mama Rispa alipita mbele yangu akifuata, akaliangalia lile gitaa pale chini, kisha akaniangalia mimi. Mimi ningeinuka. Singepiga, lakini hata kuimba mdomo mtupu ningeimba. Sikuinuka, kwa sababu niliona haya, na basi likaondoka bila mimi.

Aliporudi kutoka kuzika nilikaa siku nyingi nikimkwepa, mpaka akanitumia ujumbe kwa Rispa kwamba nimpitie. Nilipofika akanishukuru. Akasema kule nyumbani kila mtu amesikia jinsi nilivyomlilia mume wake hata nikashindwa kupiga, na hilo lilimpa nguvu. Hapo nikashindwa. Nikamweleza yote, kutu, pakiti mpya, Kamau, kisikio, na jinsi uzi ulivyonichapa.

Alinikodolea macho kwanza. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akashika meza, akacheka akajifuta kwa kanga, akaniambia rudia ile ya shangazi, nikarudia, akacheka tena mpaka nami nikacheka. Kisha ghafla akageuka akaangalia mlango.

"Hii ndiyo ningemngoja nayo akitoka kazini," akasema. "Sasa nitamwambia nani?"

Tulilia wote wawili pale, mimi na yeye, na hakukuwa na mtu wa kutuhesabia machozi.

Kwa hivyo nyinyi wenzangu, nimeapa, nyuzi mpya sitavisha tena siku ya kazi, na hilo mlikuwa mmeshalisikia kwangu. Lakini la pili ndilo ninalowaomba mlishike. Mtu akikuomba wimbo, mpigie na ulicho nacho mkononi, hata kama kina kutu, hata kama wenzako wanakutazama. Mimi nilitaka kung'aa, na Ambani wangu akaenda na spika.