Mama Najma na Shauri la Baba Gada

Ukiulizia Kidawa pale Jeppestown, mtaa wetu wa huku kusini, watu watakutazama tu. Ulizia Mama Najma, fundi wa mapazia, hata mlinzi wa hosteli atakufikisha mlangoni. Najma mwenyewe ni msichana mkubwa sasa, Kizulu kinamtoka vizuri kuliko Kiswahili, na akiitwa na mama yake hujibu, "Eish, Ma, nini tena?" Lakini jina la mama limeshakaa.

Ukalimani ulimjia wenyewe. Alimsindikiza jirani hospitali, kisha mwingine polisi, mpaka ikawa mtu akikwama ofisini kwa Kiingereza anamfuata yeye. Ni mwepesi mno. Wewe hujamaliza kusema, yeye keshatafsiri.

Ndivyo alivyokwenda kwa wakili, mtaa wa Observatory, na Bushra, Mworomo mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, ambaye Kiswahili alikipata Isiolo kabla ya kushuka huku. Mjomba wake Bushra alipigwa risasi huko kwao pamoja na wazee wengine. Wakili Naseeb alikuwa akikusanya ushahidi kuupeleka kwenye tume ya kimataifa, kwamba viongozi wa mila wa Waoromo wanauawa kwa sababu ya uongozi wao. Ingeonekana marehemu alikuwa mtu wa kawaida tu, shauri la Bushra lisingeingia.

"Mwambie walimuua Abbaa Gadaa wetu," alisema Bushra.

Mama Najma akatafsiri palepale: walimuua Baba Gada. Hakuona tatizo. Kila mtu mzima ni baba au mama wa fulani.

Wakili akaandika. "Muulize, huyo Gada ana umri gani?"

"Gada?" Bushra akashangaa kidogo. "Ni miaka minane."

"Maskini!" alisema wakili. "Sasa yuko kwa nani?"

"Alipewa mzee mwingine."

Mama Najma akasahau kutafsiri. "Mwenzangu! Wamemgawa mtoto, na nyinyi mkanyamaza?"

"Mtoto gani?"

"Si huyo Gada!"

Bushra alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Dada Kidawa, umemzalia mjomba mtoto! Alikuwa na mabinti watupu yule. Gadaa ni utawala wetu. Kundi moja linaongoza miaka minane, halafu linakabidhi. Abbaa ni baba, sawa, lakini ni baba wa utawala."

"Yaa Rabi! Na mimi nimeshamwandikisha uyatima."

Walipomweleza wakili, naye alicheka, akakata mstari mzima. Kisha akauliza swali ambalo hakuwa amelifikiria: waliomuua walijua cheo chake?

"Walijua," alisema Bushra. "Alikuwa ameshika bokkuu, fimbo ya uongozi. Kwetu hata mtoto anaijua. Walimnyang'anya, wakaivunja mbele yake. Ndipo wakampiga risasi."

Safari hii Mama Najma alingoja mpaka neno la mwisho. Akayatafsiri yote polepole, na wakili akamwomba arudie ili aandike kila neno.

"Tuandike chifu?" akauliza Naseeb. "Tume itaelewa upesi."

"Chifu anakaa mpaka afe," alisema Bushra. "Wetu anashuka muda wake ukifika. Andika Abbaa Gadaa, maana yake uiweke chini ya ukurasa."

Ikaandikwa hivyo. Bushra akatia sahihi.

Majuzi Bushra alipiga simu, Mama Najma akiwa kwenye cherehani. Tume imelipokea shauri, na inamtaka mwenyewe aende kueleza habari ya ile fimbo.

"Watakuwa na mkalimani wa Kioromo," alisema Bushra. "Lakini naogopa, dada. Wakiniuliza mambo mengi? Na duka nimwachie nani?"

"Wao waulize wanavyotaka, wewe sema ulichokiona. Dukani nitakaa mimi."

"Na mapazia ya watu?"

"Nitakuja na cherehani. Teksi za Diepsloot zinabeba mpaka friji, zitashindwa na hii?"