Jogoo Aliyekuwa Stering

Jumapili ya mwisho ya Julai. Asubuhi manyunyu na baridi, mchana jua likatoka kidogo likarudi ndani, kama mtu aliyesahau mwavuli.

Baba yangu amekuja Nakuru kututembelea kutoka Kakamega. Mara ya mwisho tulimlisha kabeji, na habari hiyo ilifika nyumbani kabla yeye hajafika. Kwetu Waluhya, mgeni ambaye hajala kuku hajakaribishwa, amepita tu. Kwa hivyo mume wangu alinunua jogoo, akamfunga mguu kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, akaniambia, "Leo heshima yangu inarudi." Mimi sikuona kama ilikuwa imeenda mbali, lakini si mimi wa kuamua.

Tulipotoka kanisani niliteka maji ya kumnyonyolea jogoo. Wanaume wakakaa kuangalia sinema, zile ambazo DJ anaongea Kiswahili juu ya wazungu mpaka unasahau wao walisema nini. Mtu alikuwa anatembea juu ya waya katikati ya maghorofa mawili, ameshika mti mrefu. DJ akapiga kelele: "Stering hafi!" Stering ni yule mkubwa wa sinema, na hata watoto wanajua hawezi kufa.

"Mama yake anajua yuko huko?" baba akauliza.

"Mzee, hiyo si kazi," mume wangu akasema. "Ni kutoangalia chini tu."

Sijui kama alikuwa anajisifu ama anaeleza. Nimeandika alivyosema.

Akaenda kumfungua jogoo, shingo bado imegeukia dirisha asipitwe na sinema. Kamba ikamtoka mkononi. Jogoo akaruka juu ya ukuta unaotutenganisha na jirani, akaanza kutembea huko juu, polepole, bila kuangalia chini.

Mume wangu akang'oa ule mti unaoinua kamba ya nguo, akapanda ukutani, akaushika kwa upana kama yule wa sinema. Kamba ikalegea na blauzi yangu nyeupe ya kwaya ikalala kwenye matope. Lakini tuseme ukweli, nani alinituma nifue Jumapili?

Alienda vizuri. Lazima niseme hivyo. Halafu, karibu na katikati, akaangalia chini.

"Mama watoto," akaita kwa sauti ndogo, "tafuta ngazi."

Ukuta wenyewe unanifika kidevuni. Lakini mimi sijawahi kusimama juu yake, pengine ukiwa huko ni mrefu.

Jirani akatoka na sufuria mkononi. "Haiya! Stering hafi! Boss, songa, jogoo anakungoja!"

Na kweli jogoo alikuwa amesimama, anamwangalia. Kisha akageuka, akarudi, akaruka kwenye ncha ya ule mti, akakaa. Mti ukainamia kwake. Mume wangu akainamia upande wa pili, mdomo wazi. Hakuna aliyecheka. Sawa, jirani alicheka. Mimi pia, lakini nilikuwa nimejifunika leso.

"Mkamate!" nikasema.

"Na mkono gani?"

Baba akatoka na soksi tu miguuni, akaja mpaka chini ya ukuta. "Mkwe, achilia huo mti."

"Nikiachilia, kuku wako anaenda."

"Achilia."

Mti ukaanguka. Jogoo akapaa hadi kwenye mabati ya jirani, akawika. Mume wangu akakaa ukutani kama amepanda punda. Baba akampa bega.

"Kanyaga hapa, ushuke."

"Mzee! Nikanyage baba mkwe?"

"Basi utalala huko?"

"Nitalala."

Najua wengi watamcheka. Mimi nadhani hapo ndipo alikuwa mwanaume kweli, akitetemeka hivyo na bado anakataa. Nikaleta kiti cha plastiki, akashukia hapo.

Aliposimama chini alishindwa kumwangalia baba. "Nyumbani watauliza ulikula nini," akasema.

"Nitawaambia nilitengewa jogoo, nikamwona na macho yangu," baba akasema, akipangusa soksi. "Kama alikuwa stering, hilo ni kosa lako?"

Mume wangu akacheka, mwishowe.

Jua lilizama jogoo akiwa bado juu ya mabati. Tulikula ugali na kabeji. Niliweka nyanya nyingi ili isifanane na ile ya mara ya mwisho, na baba akaomba aongezewe. Sijui kama ni njaa ama ni huruma.