Daktari wa Bolti

Fundi huyu hakusomea udaktari, na hata shule ya kawaida aliiaga mapema. Jina hilo alipewa na madereva kwa jinsi anavyoitibu bolti iliyoshikwa na kutu. Mafundi wengine hukimbilia gesi, wakate, mambo yaishe. Yeye huisugua kwa brashi ya waya, huinywesha mafuta, huigonga kichwani kwa nyundo, kisha husikiliza. Bolti iliyokamatwa hujibu "du", sauti ya kitu kilichokufa. Mafuta yakishapenya na kutu ikaachia, hulia "nging", na hapo ndipo spana huingia, si kabla. Kwanza nati huikaza kidogo, kama mtu anayemkubalia mbishi, ndipo anaifungua. Kwa miaka thelathini na mbili hajakata bolti ya springi hata moja, na habari hiyo huisimulia hata kwa wasiouliza.

Ana jambo jingine linalojulikana, nalo halimchekeshi mtu. Ni sheria yake: asiyesikia neno "toka" haingii chini ya gari. Zamani jeki iliteleza, watu wakapiga kelele, na mwenzake aliyekuwa chini ya lori hakusikia kwa sababu mashine ya kusaga chuma ilikuwa inanguruma karibu. Walimzika kesho yake. Tangu siku hiyo Daktari hana mzaha. Kaka yake mwenyewe alipoanza kuuliza "nini?" kila akiambiwa neno, alimtoa chini ya magari mbele ya watu, na kaka mtu akamnunia mwaka mzima. Siku hizi kaka huyo anauza vipuri dukani, na amenenepa.

Sasa Daktari naye alikuwa anazibika masikio. La kulia lilianza, la kushoto likafuata. Mkewe alijua, maana redio ya nyumbani ilisikika mpaka kwa jirani wa tatu. Alimwambia aende hospitali, akamkumbusha kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mume akajibu, "Eti nini?" Wakacheka mpaka chai ikapoa. Lakini hospitali hakwenda, na karakanani hakumwambia mtu. Huko alijifunza kutazama midomo ya watu na kucheka wenzake wakicheka, hata kama hajui kinachochekesha. Aliyemwogopa kuliko wote alikuwa binti yake, mchomeleaji aliyekodi nusu ya pili ya banda lilelile. Huyo alikulia katika sheria ya "toka" tangu hajaota meno. Akijua, kazi ya chini ya magari imekwisha, na kazi nyingine Daktari hakuwa nayo wala hakuitaka.

Ndipo likaja lori la mchanga, zee kuliko huyo binti. Springi ya mbele kushoto ilikuwa imevunjika jani kuu, lile bamba refu kuliko yote, na ili itoke ilibidi ifunguliwe bolti ndefu iliyopita kwenye jicho lake. Bolti hiyo ilikuwa haijaguswa tangu lori liwe jipya. Kutu ilikuwa imeigandisha pamoja na bushi, bomba inamopita, mpaka hujui ipi ni ipi.

"Daktari, mgonjwa atapona lini?" aliuliza dereva, mtu wa maneno mengi.

"Kesho kutwa. Usimsumbue, anakunywa dawa."

Lori likainuliwa, likawekwa juu ya stendi na magogo. Daktari akatandika kipande chake cha boksi, akaingia. Siku ya kwanza alisugua, akatia mafuta, akagonga, akasikiliza. Du. Siku ya pili asubuhi akarudia. Mchana akarudia. Bolti ilikuwa kimya, na spana hakuigusa, maana nati ikilazimishwa kabla ya wakati bolti hukatika kichwa, na hapo heshima yote huenda na maji. Jioni alitoka chini akiwa na vumbi la kutu kwenye kope. Binti yake alikuwa amekaa juu ya mtungi wa gesi, anamtazama.

"Bado, baba?"

"Bado. Hii ni mbishi."

Binti aliinama akaanza kukunja mipira ya gesi, akaikunja taratibu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya tatu dereva alifika mapema na hakuleta utani. Daktari aligonga mara kumi, ishirini, bega likamuuma. Hakusikia kitu. Alilala pale chini akiitazama bolti, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mbili alihisi kwamba chuma kimemshinda. Ilimuuma kweli. Akapaza sauti.

"Lete gesi!"

Fundi wa matairi aliacha kujaza upepo. Binti yake akaja, lakini mikono mitupu. Akachuchumaa kando ya gurudumu.

"Nipe nyundo kwanza."

Akaipokea, akaigonga bolti kichwani mara moja tu. Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuka kutazama. Fundi wa matairi naye akageuka. Daktari aliona vichwa vyao vikigeuka, kisha akaona uso wa binti yake, ukingoja.

"Imelia?" aliuliza.

"Imelia, baba."

"Tangu lini?"

Binti angeweza kusema ni sasa hivi, na mambo yangeishia hapo. Alimwinamia mpaka midomo yake ikaonekana vizuri.

"Tangu jana, saa tano asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningelazimika kukutoa."

Daktari aliweka mkono mmoja juu ya springi. Siku nzima alikuwa akibisha mlango uliokwisha kufunguliwa, na mwanawe akimtazama. Hakuna aliyemvuta mguu. Akajisukuma kwa viwiko, akatoka mwenyewe. Akakipangusa kile kipande cha boksi kwa kiganja, akakigeuza upande usio na mafuta, akakirudisha chini ya lori.

"Ikaze kidogo kwanza," alisema.

"Najua, baba."

Binti akaingia. Daktari akaenda kusimama karibu na jeki, mahali anaposimama mtu wa kupiga kelele ya "toka", macho yake kwenye stendi. Sauti yake ilikuwa bado nzima. Dereva alimsogelea, akamgusa bega.

"Daktari, inafunguka?"

Alimsoma midomo, kisha akayarudisha macho kwenye stendi.

"Muulize fundi," alisema. "Yuko chini."