Mbio za Kutafuta Mkubwa

Siku Philomena aliposhuka kwenye gari la binti yake, vumbi la Kimberley, huku kwetu kaskazini-magharibi mwa Australia, likiwa limembadilisha rangi, nilimkimbilia mikono wazi, halafu nikakwama njiani. Nimwite nani? Kwamba alikuwa ndugu wa mama yangu, tumbo moja, hakuna aliyehitaji kuambiwa: pua ileile, na mdomo uleule usiojua kupumzika. Lakini ni mama mkubwa au mama mdogo? Nikamgeukia mama yangu, Biddy, aniokoe.

"Mama mdogo," akasema Biddy.

"Mama mkubwa," akasema Philomena, palepale.

Hawakuwa wameonana tangu utoto, na hata kukumbatiana walikuwa bado.

Utauliza kwa nini wasihesabu miaka. Miaka ipi? Philomena alichukuliwa akiwa mtoto, kwa sababu baba yao alikuwa mzungu, na serikali ya siku zile iliamua kwamba watoto wa namna hiyo hawafai kulelewa na mama mweusi. Akapelekwa bweni la misheni, mbali kusini. Huko kila mtoto alipewa siku ya kuzaliwa tarehe mosi Julai, wote kwa mkupuo, kama wanavyofanyiwa farasi wa mashindano, na umri ukakadiriwa kwa kutazamwa meno. Mama yangu naye alibaki kwenye shamba la ng'ombe, na anachojua ni kwamba alizaliwa mwaka ambao mafuriko yalibeba choo cha bosi. Tatizo ni kwamba bosi yule alikuwa anabebewa choo kila baada ya muda.

Na jambo lenyewe si la mzaha. Kwetu, mama akishafariki, binti mkubwa ndiye mama. Ndiye anayegawa mkia wa kangaruu, ndiye anayesema nani alale wapi, ndiye anayekemea na asijibiwe. Mtu asiyejulikana ni mkubwa wa nani wala mdogo wa nani hubaki mgeni, hata mkimnywesha chai kutwa. Philomena alilijua hilo. Begi lake alilisimamisha karibu na mlango, na kila asubuhi alichomoa gauni la siku hiyo, akafunga zipu tena. Begi lile lilinikera. Nilikuwa nikilipita nalisukuma kwa mguu, kidogokidogo, kuelekea chumbani, na kila nikirudi nalikuta mlangoni.

Ukiacha begi, alijua kujifanya mkubwa. Bwenini, alipokua kidogo tu, alikabidhiwa watoto wadogo kuliko yeye awaogeshe na kuwalaza, na tangu hapo hajaacha kuamrisha. Alipanga vikombe vyetu kwa urefu. Aliwapanga mbwa wetu mstari kabla ya kuwapa chakula, nao wakatii, wasaliti wale. Alimwambia Mjomba Nugget, kaka wa bibi yangu, ambaye wakati wa utoto wao alikuwa akichunga ng'ombe mashamba ya mbali, mzee aliyewahi kuangusha mafahali kwa mkono, akaoshe miguu ndipo aingie ndani. Mzee akaenda, ananung'unika.

"Umeona?" Philomena akamwambia mama yangu. "Hata mjomba anamjua mkubwa."

"Mjomba anamtii yeyote mwenye sauti kubwa. Hata redio anaitii."

"Haya, tazama mvi hizi."

"Hizo ni mvi za Perth. Mji unazeesha watu bure."

"Na meno?"

"Meno yako ya kununua, Phili. Hayo yana umri wake peke yake."

"Magoti yangu yanalia nikiinama."

"Yangu yanalia nikiwaza kuinama."

Ikawa ndiyo kazi, asubuhi mpaka jioni, mpaka Mjomba Nugget, aliyekuwa akicheza karata kwenye blanketi na kuibia wajukuu zake, akatupa karata chini. Akasema kila mtu anajua mzee hana mbio. Washindane kutoka nyumbani mpaka mtoni. Atakayeshindwa ndiye mkubwa, na yeye apate kucheza kwa amani.

Watu wote walitoka na viti na vikombe vya chai. Mjomba akagonga sufuria. Hakuna aliyesogea.

Baada ya muda Philomena aliinua mguu mmoja, akauangalia, akaurudisha pale ulipokuwa. Mama yangu aliinama kufunga kamba za viatu, na hakuwa amevaa viatu. Philomena akaanza kuchechemea. Mama yangu akachechemea miguu yote miwili, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Kenge mmoja mnene akakatiza njia, na wote wawili wakasimama kumpisha kwa heshima kubwa.

"Tangulia basi," mama yangu akasema.

"Tangulia wewe, mwanangu. Damu yako bado changa."

"Mwanao nani? Hebu kimbia, msichana."

Watoto walichoka kushangilia, wakaenda kuogelea, wakarudi wamelowa, wakawakuta kwenye mti uleule walipowaacha. Mimi nilikuwa nimekaa chini, mbavu zinaniuma kwa kucheka, chai yote imemwagika mapajani. Walipofika mchangani, hatua moja kabla ya maji, waligoma kabisa. Wakasimama wakitazamana kwa pembe ya jicho. Ndipo Philomena akashindwa kujizuia. Kicheko kikamtoka, chembamba, kinapanda juu kinakatika, kinapanda tena. Mama yangu naye akapasuka, wakaangukia mchangani pamoja, wameshikana magauni.

Halafu mama yangu akainuka kitako.

"Hicho kicheko," akasema. "Ndicho ulichocheka kwenye tangi."

"Tangi gani?"

"Tangi bovu la maji, nyuma ya jiko la bosi. Gari la polisi lilikuwa linakuja, mama akaniambia nikufiche. Nikakuingiza mle, nikakuziba mdomo. Wewe ukadhani tunacheza. Ukanilamba kiganja, ukacheka, tangi zima likavuma. Halafu ukaniponyoka, ukatoka kwenda kumwonyesha polisi ulipokuwa umejificha. Mimi nikabaki ndani."

Nilikuwa nimewafuata mpaka mtoni, nimesimama nyuma yao. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama yangu akilitaja tangi lile.

Philomena alichora mchangani kwa kidole, akafuta.

"Mimi nakumbuka kubebwa kiunoni," akasema. "Mfupa unanichoma hapa tumboni. Bwenini nilikuwa nikilala naukumbuka mfupa huo. Nilidhani ni mama."

"Mama alikuwa mnene. Mfupa ni mimi."

"Kumbe siku zote unajua kwamba wewe ndiye mkubwa."

"Najua."

"Ukaniacha nichechemee mpaka huku?"

"Ningesema nina uhakika, ungeniuliza nimejuaje." Mama yangu alijifuta pua kwa mkono. "Mkubwa kazi yake ni kushika, Phili. Mimi sikukushika."

Philomena akauchukua mkono wa mama yangu, akaukunjua, akakitazama kile kiganja.

"Kilikuwa kidogo, dada," akasema.

Kisha mama yangu akavuta kamasi, sauti yake ikarudi ile ninayoijua.

"Inuka. Nenda nyumbani ukatoe nguo kwenye begi. Zote. Ukimaliza uje ule."

Nilisubiri abishe, yeye aliyewapanga mbwa mstari. Aliinuka, akapangusa mchanga, akaondoka kwa mwendo ambao ungemfanya ashinde mbio zile mapema sana. Magoti hayakulia hata kidogo. Jioni mama yangu aligawa mkia, na kipande chenye mafuta mengi akampa yeye, maana ndivyo mdogo anavyopewa. Nilipomwita "mama mdogo" aligeuka kabla sijamaliza.

Kesho yake nilimkuta dukani anamshtaki ndugu yake kwa mwenye duka. "Dada yangu ananionea," alikuwa akisema. "Amenikataza kwenda mtoni peke yangu, eti mimi mdogo." Uso wake mzima ulikuwa umejaa furaha. Akatoka nje akamweleza dereva wa lori la mafuta, mtu baki kabisa, kisha akarudi ndani kumweleza mwenye duka tena.