Edina wa Lab na Kanga Iliyoungwa Vibaya

Jana tumemzika Edina pale Lulindi, na asubuhi hii nimeshika simu nimpigie nimsimulie mazishi yalivyokuwa. Siamini bado, jamani. Presha tu, siku moja.

Kwa msiomjua, Edina alikuwa mtu wa lab, Masasi. Tumekua wote, tumeimba kwaya moja. Ukikutana naye hatazami uso, anatazama shingo!

Ndivyo alivyouona uvimbe wangu. Nikamwambia, "Tezi tu hili, ni upungufu wa chumvi." Akasema, "Aka! Chumvi gani, Mama Joyce, na mboga zako zinatuunguza midomo?"

Nikachomwa sindano ya kuvuta sampuli shingoni, ripoti ikarudi haisemi kama ni saratani au siyo. Mimi nikafurahi, maana niliogopa kisu. Sauti ikienda nitaimba na nini? Edina hakufurahi. Alihangaika mpaka maabara moja ya binafsi ikapeleka sampuli nje, zipimwe jeni.

Majibu aliyaleta mwenyewe hadi kwangu Newala, ukungu umejaa mpaka mlangoni, dumu la maji mkononi. "Najua kwenu bomba halitoi maji, mnaoga kwa ahadi."

Akaitandika kanga yangu, ile ambayo fundi aliunga vipande viwili kwa makosa. Mwanzo inasema HARAKA HARAKA, mwisho HUJAZA KIBABA. Tulishaicheka sana. Siku hiyo hakucheka.

"Ndicho kilichomo shingoni mwako. Jeni mbili zimekatika, zikaungana vibaya, sasa zinaziambia seli zijaze kibaba haraka haraka. Ni saratani, mwenzangu. Kubali wakupasue."

Nikalia. "Na sauti yangu?"

"Itakayobaki utaniimbia mimi nikifa."

Nilimtukana, Mungu anisamehe.

Nikapasuliwa, nikapona. Sauti ikabaki ya kukwaruza, na kwaya nikaiacha kwa aibu. Hakuchoka kuniuliza, "Lini unarudi?"

Tangu juzi naishi kama ndani ya ule ukungu wa Newala. Naona kitu cheupe kinakuja njiani, nadhani ni koti lako la kazini, Edina. Nasogea, ni shuka la jirani kwenye kamba.

Jana kaburini nilijifunga ile kanga. Nikaimba ubeti mzima, na mikwaruzo yake yote. Watu waligeuka kunitazama, sikujali.

Umenisikia, shoga yangu? Ndiyo iliyobaki. Nilikuahidi kwa matusi, nimetimiza kwa machozi.

Pumzika sasa, hakuna tena haraka. Lala salama, Edina.